Kadi ya Baba Linda

Namshukuru Mungu aliyetuona tukiwa mbali kabla sisi hatujamwona. Yeye hahitaji darubini wala ramani, na hakuna bonde lililo chini mno hata jicho lake lipite juu bila kutua. Kwa pumzi aliyonibakizia, na kwa mkono ambao bado unashika kalamu, naanza.

Wiki iliyopita Esta alinipigia simu kutoka Columbus. Wengi wenu mnamjua, ndiye anayeongoza meza ya kushonea tangu nilipoondoka.

"Bwana asifiwe, Mzee."

"Amina, binti yangu. Mbona sauti iko chini?"

"Bon, huku iko shida kidogo. Direkta mupya anataka kubadilisha kadi zote za mapicha. Amefika kwenye ile picha ya kikosi, anauliza, huyu Baba Linda ni nani? Kwenye liste ya jeshi hayuko."

"Mwambie angoje."

"Angoje mpaka wakati gani?"

"Mpaka nimalize kuandika."

Basi ninaandika. Nimestaafu tangu majira ya baridi yaliyopita, nakaa hapa Buffalo kwa binti yangu Neema, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwauliza wajukuu kwa Kiswahili nao wakanijibu kwa Kiingereza. Muda ninao. Nitawaeleza ninyi mnaoshona leo kwenye karakana yetu historia ya kikosi kile kama nilivyoisikia kwa mtu aliyekuwa ndani yake, na jinsi kosa langu lilivyoingia nyuma ya kioo likakaa huko. Mkimaliza kusoma mtajua la kufanya na kadi.

Amerika ilinipokea Louisville. Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ghala la vifurushi, msimamizi alinipa glavu, kisu cha kukatia maboksi, na maneno matatu ya Kiingereza. Mawili nimeyasahau. La tatu lilikuwa "haraka". Ghala lilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege ilipopita chini nilijikuta nimechutama nyuma ya maboksi. Wenzangu walidhani nimeangusha kitu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu anayeangusha vitu.

Nilizaliwa Uvira, chini ziwani, ila vita vilitupandisha milimani. Huko juu hatukuogopa sana ndege kubwa inayopita na kwenda zake. Tuliogopa ndogo inayozunguka. Mama zetu wakisikia mlio wake walizima moto na kuanua nguo nyeupe, maana ile ndogo kazi yake ni kuangalia, na baada yake huja mwenye kupiga. Mtu aliyelelewa hivyo haamki siku moja akasema, leo nitakwenda kufanya kazi kwenye ndege. Ni Mungu huyo, na ana mzaha wake.

Tulihamia Columbus kwa sababu ya kanisa. Ndugu zetu wengi walikuwa Reynoldsburg, na mchungaji alihitaji mzee wa kufundisha katekesimu kwa Kiswahili. Kufundisha katekesimu hakulipi nyumba, kwa hiyo nikaomba kazi ya usafi kwenye karakana ya ndege za zamani iliyo upande wa Gahanna, ile ile mnayoijua. Wakati ule ilikuwa banda moja, direkta mmoja, na wazee wa kujitolea ambao walikunywa kahawa kwa bidii kuliko walivyofanya kazi.

Siku ya kwanza niliingia na ufagio nikasimama mlangoni. Katikati ya banda palikuwa na ile ndogo inayozunguka. Si ile ya kwetu, bali dada yake mkubwa, ya vita kuu ya pili. Ilikuwa imevuliwa nguo, imebaki mifupa, mabomba membamba ya chuma na mbavu za mbao. Bawa moja lilikuwa limelazwa juu ya vigoda, limefunikwa kitambaa cha pamba, na mzee mrefu mwenye mgongo uliopinda alikuwa amekaa karibu nalo, sindano ndefu kama mkono wangu mkononi mwake, akiligombeza fundo.

Ninyi mnajua kazi yenyewe. Kitambaa hushonwa kwenye kila ubavu wa bawa, uzi uliopakwa nta unapita juu hadi chini, na kila mshono unafungwa fundo lake peke yake ili mmoja ukikatika wengine wasifuate. Mzee yule alifunga fundo, likateleza. Akafunga tena, likateleza. Nilifagia mahali pale pale kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu. Nikaweka ufagio chini, nikanyoosha mkono. Alinitazama, akanipa uzi. Nikafunga.

Alilivuta fundo kwa kidole. Halikusogea.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Alikuwa kwenye jeshi la anga?"

"Hapana. Alikuwa anashona nyavu za ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani."

Alicheka mpaka wazee wengine wakaacha kahawa. Kumbe fundo la bawa la ndege ndilo fundo la wavu, wala wao hawafichi, hata kwenye vitabu vyao vya ufundi limeandikwa hivyo. Baba yangu aliishi na kufa bila kupanda ndege, na fundo lake lilikuwa limewatangulia angani. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Mama Neema.

"Weye unashona ndege?"

"Ninaishonea nguo."

"Ndege gani inavaa nguo? Bon, wakikupa chakula, kula. Wakikupa bunduki, rudi nyumbani."

Kesho yake nilimuuliza yule mzee ana watoto wangapi, maana siwezi kukaa na mtu siku mbili bila kujua nimwite nani. Kwetu mwanamume akishapata mtoto, jina lake la zamani hubaki kwenye karatasi za serikali. Kumwita mzee mwenye mvi kwa jina lake tupu, kama wafanyavyo hapa, ulimi wangu ulikataa.

"Mmoja," alisema. "Linda."

"Basi wewe ni Baba Linda."

Aliinamia mshono. Nikadhani hakunielewa, nikamweleza desturi. Kisha nikamwambia kwamba katika lugha yetu linda ni amri: chunga, hifadhi, usiache wadhuriwe. Alibaki ameshika sindano hewani.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu," alisema, akarudi kwenye mshono.

Tulishona bawa hilo pamoja, yeye juu, mimi chini, tukipokezana sindano kupitia kitambaa. Mambo aliyonieleza kuhusu kikosi aliyasema hivyo, kwa mtu asiyemwona uso. Nayaandika kwa mpangilio wangu, kwa sababu yeye hakuwa na mpangilio.

Kikosi chao kilikuwa cha ndege za uangalizi. Hawakubeba mabomu. Ndege ilikuwa na watu wawili: mbele rubani, nyuma mwangalizi mwenye ramani mapajani, darubini shingoni, na redio. Yeye alikuwa wa nyuma. Waliruka chini na polepole juu ya mstari wa vita, wakatafuta mizinga ya adui ilikofichwa, wakawaambia wapiga mizinga wao wapi pa kulenga, na baada ya kila mlio wakarekebisha: kulia kidogo, mbele kidogo. Adui alipowaona angani aliacha kupiga ili asionekane. Kwa hiyo siku nyingine kazi yao ilikuwa kuzunguka tu, bila kusema neno, na askari waliokuwa chini wakapata nafasi ya kula wameketi. Walitua barabarani, malishoni, popote palipokuwa na ardhi ya kutosha. Risasi ikitoboa bawa, fundi alikata kiraka cha pamba akakibandika, na kabla dawa ya kukazia haijakauka vizuri walikuwa wamesharuka tena. Wanajeshi waliziita ndege hizo panzi.

Jina hilo lilinichekesha, nikamkumbusha wale wapelelezi kumi na wawili waliotumwa Kanaani. Kumi walirudi wakasema tulijiona kama panzi. Baba Linda alikuwa akiijua habari hiyo tangu utoto.

"Kosa lao lilikuwa nini?" aliniuliza kutoka juu ya bawa.

"Hawakuwa na imani."

"Wewe ni mwalimu wa dini, lazima useme hivyo. Mimi mwangalizi nasema walitoa ripoti mbaya. Sisi tulifundishwa: sema ulichoona, usiseme ulichoogopa. Wao walichanganya."

Nimeitumia sentensi hiyo katika katekesimu miaka mingi, na sasa nairudisha kwa mwenyewe.

Siku moja nilimweleza habari za mama zetu na nguo nyeupe. Niliona lazima ajue kwamba mtu aliyekuwa chini ya bawa aliwahi kuwa chini ya bawa. Sindano ilisimama.

"Niliwaona," alisema. "Si ninyi. Wa huko. Wanawake wakikimbia kuanua nguo."

"Uliripoti?"

"Hapana. Nguo si mzinga."

Akaisukuma sindano chini, nikaipokea.

Habari ngumu kuliko zote aliisema mara moja tu. Rubani wake alikuwa kijana wa Louisville. Risasi ilimpata angani. Ndege ile ina usukani mbele na nyuma, na Baba Linda, ambaye hakuwa rubani, aliishika kutoka nyuma, akaitua kwenye shamba la viazi. Alipozunguka kwenda mbele, kijana alikuwa ameshaondoka duniani. Nadhani mzee alinipenda mapema kwa sababu nilipofika nilisema nimetoka Louisville. Aliniuliza kama mto bado ni wa rangi ya kahawia, kama rubani wake alivyokuwa akimwambia. Nikasema ni wa kahawia. Rubani yule hakuacha mtoto, kwa hiyo hakuna jina la kumwita ila lake mwenyewe, na mtaliona kwenye kadi, wa tatu kutoka kushoto.

Kuhusu Linda nilijua baadaye, na kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwita mzee Baba Linda mwezi mzima. Binti huyo aliolewa na mwanamume aliyekataa kwenda kwenye vita vingine, vilivyokuja baadaye. Baba mtu hakwenda harusini. Alisema neno moja mlangoni, binti akasema lake, na mlango ukafungwa miaka zaidi ya thelathini. Linda alikuwa akiishi Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo.

"Kwa nini hukuniambia niache kukuita hivyo?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita hivyo," alisema.

Mwaka wa pili macho yake yakaanza kuharibika. Haukuwa mtoto wa jicho, ambao daktari hutoa. Ni ule ugonjwa unaokula katikati ya macho. Pembeni aliona vizuri, ila mahali penye uso wa mtu aliona wingu. Akitaka kukuona aligeuza uso upande, kana kwamba amekuchukia. Mafundo aliyakagua kwa vidole, na sijawahi kupitisha kwake fundo baya. Nilielewa kilichokuwa kikimuuma, kwa sababu mimi pia ni baba. Kila mwezi wingu lilikuwa likimfunika Linda kidogo zaidi, na hakuwa amemwona.

Ndege ilipokaribia kukamilika, direkta aliamua tuipeleke kwenye maonyesho huku Buffalo, pamoja na picha ya kikosi. Akaniomba niandike kadi ya picha kwa mkono, maana mwandiko wangu ni wa shule ya misheni na hauna haraka. Baba Linda alikaa karibu yangu na kunitajia majina kutoka kushoto. Picha aliijua kwa moyo. Watu wanane mbele ya ndege, nami naandika. Alipofika wa sita alisema, "Na huyu ni mimi," akapita kwa wa saba.

Nikaandika nilichokijua. Baba Linda, mwangalizi.

Sikufikiri hata kidogo. Mtu akiniuliza leo jirani yangu anaitwa nani, nitasema Baba Furaha, na polisi wakija kumtafuta kwa jina jingine nitawaambia kwa dhamiri safi simjui. Direkta hakukagua, Baba Linda hakuweza kusoma, na kadi ikaingia kwenye kioo, kioo kwenye gari.

Sisi wawili tuliifuata kwa gari lake la bluu, mimi nikiendesha. Alikaa kiti cha nyuma. Nilimwambia mbele pana nafasi.

"Mwangalizi hukaa nyuma," alisema.

Tulipokaribia Buffalo aliniomba nipite Tonawanda, akanitajia barabara bila kukosea. Ndipo nilipojua kwamba kila mwaka, majani yanapobadilika rangi, alikuwa akiendesha saa tano na zaidi kuja kupita mbele ya nyumba ile polepole, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha akarejea Columbus. Alijua walipoezeka paa upya. Alijua baiskeli ya mtoto ilipobadilika kuwa kubwa, kisha ikatoweka. Mwaka huo hakuweza kuona.

"Sema unachoona."

"Mlango wa kijani."

"Ulikuwa mweupe. Endelea."

"Maua kwenye chungu. Pazia limefunguliwa kidogo. Viti viwili barazani."

"Kuna mtu?"

"Sioni mtu. Baba Linda, nisimamishe?"

"Hapana. Hakuna uwanja wa kutua."

Kwetu kupita nyumba ya mtoto wako bila kubisha ni kama kumlaani, na mguu wangu ulikuwa tayari juu ya breki. Lakini rubani hufuata neno la mwangalizi. Nilizunguka, nikapita tena, tukaenda zetu. Nawaambia ukweli, nilihisi nimeshiriki dhambi.

Asubuhi yake ndege ilikuwa katikati ya ukumbi, Baba Linda amekaa kwenye kiti upande wa pili wa bawa, na mimi nimesimama karibu na picha kuzuia watoto wasiguse. Akaja mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la mvua. Alisoma kadi. Akairudia. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani ameiandika.

Nikajua nimeharibu kazi. "Mimi, mama."

"Baba ni nini?"

Nikamweleza, mtu akishapata mtoto, na kadhalika. Nilikuwa naomba radhi kwa direkta ambaye hayupo. Yeye hakuondoa macho kwenye kadi.

"Yeye ndiye aliyekwambia uandike jina langu?"

Nilikuwa na neno moja la kusema na lingemfurahisha. Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Lakini nilishona na mzee yule miaka miwili, na nilichofundishwa nilifundishwa.

"Hapana," nikasema. "Hilo ni kosa langu. Hakuniambia. Ila nimemwita hivyo miaka miwili, na hakuna siku hata moja ambayo hakuitika."

Akaisoma kadi mara ya tatu. Kisha akasema, "Jana gari la bluu lilipita, na gazetini niliona habari ya ndege hii."

"Nilikuwa ninaendesha mimi."

"Linapita kila mwaka. Mimi hukaa nyuma ya pazia. Miaka yote hiyo nangoja lisimame."

Mwangalizi alikuwa akiangaliwa. Nikamwelekeza kwa mkono upande wa pili wa bawa. Alipiga hatua mbili, nikakumbuka, nikamshika mkono, jambo ambalo si adabu.

"Mama, atageuza uso. Si kwa hasira. Ndivyo anavyoona siku hizi."

Aliinama akapita chini ya bawa. Baba Linda alisikia hatua, akageuza uso upande.

"Baba Neema? Sema unachoona."

Nilikuwa nimewafuata hatua chache. Nikasema kutoka pale nilipokuwa, "Linda."

Sikusema zaidi, na sikukaa kusikiliza. Nilikwenda kwenye mkia wa ndege, nikakagua mishono ambayo ilikuwa sawa, kwa muda mrefu sana. Nilipochungulia, alikuwa amevuta kiti akakaa ubavuni mwa baba yake, mahali anapoweza kumwona.

Kurudi Columbus niliendesha gari tupu. Mwangalizi wangu alibaki Tonawanda siku tisa, na baadaye alihamia huko kabisa. Aliishi na bintiye na mkwewe miaka minne. Mkwe alikuwa akimsomea gazeti, na nasikia waligombana juu ya vita vyote viwili karibu kila siku, wakiwa wamekaa kwenye vile viti barazani. Mazishini niliombwa nisali, nikasali kwa Kiswahili.

Direkta wa wakati ule alipogundua kadi alitaka kuichana. Linda alimwandikia barua, sijui alisema nini. Kadi ilibaki.

Kwa hiyo, Esta, mwambie direkta mpya kwamba mtu huyo yuko kwenye orodha ya jeshi, safu ya tatu, kwa jina alilopewa kabla hajawa baba wa mtu. Akitaka, aliandike chini, kwa herufi ndogo. La juu asiliguse. Na ninyi mnaoshona, karibu na propela kazeni mishono iwe karibu karibu, hapo ndipo upepo unapotafuta mlango. Mkitumwa kuangalia, semeni mlichoona. Mkipita mbele ya nyumba ya mtu wenu, simameni.

Mungu aliye juu ya wote, aonaye na kushuka, awape macho hadi uzee, na watoto wa kuwapa majina. Na kila asomaye haya, aingiapo na atokapo, Bwana amlinde.